Januari inabisha hodi, mtaji uko wapi?

Pita mtaa wowote wa Dar es Salaam, Mwanza au Mbeya mwishoni mwa Februari, utazame milango. Utaona chuma kimeshushwa, kufuli limepigwa, na juu yake maandishi ya chaki: fremu inapangishwa, chini yake namba ya simu. Miezi mitatu nyuma mlango huohuo ulikuwa duka la nguo za watoto, saluni, au kijana aliyeuza vifaa vya simu. Jirani ukimuuliza atasema mwenzake aliyumba, mtaji ukakata.

Tunaandika haya mwanzoni mwa Novemba kwa makusudi. Gazeti hili halitaki tena kusubiri Februari ndipo liandike habari za maduka yaliyokufa. Imebaki takribani miezi miwili shule zifunguliwe, na wafanyabiashara wadogo wengi wanaingia Januari, mwezi dume, bila hata karatasi moja inayoonyesha fedha ya biashara inaishia wapi na fedha ya nyumbani inaanzia wapi.

Hali ni ngumu, na hakuna anayelikana hilo. Msemo wa vyuma kukaza umekaa midomoni mwetu karibu miaka kumi. Mwaka 2020 ilikuja korona ikakausha wateja. Mwaka 2022 vita vya Ukraine vilipandisha mafuta hadi lita ya petroli Dar es Salaam ikafika 3,410 mwezi Agosti, licha ya ruzuku ya serikali, na nauli ya kila gunia ikapanda nayo. Mwishoni mwa 2023 ulirudi mgao wa umeme, wenye saluni na mafundi cherehani wakakaa vibarazani wakisubiri. Mapema 2024 mvua za El Nino zilisimamisha uzalishaji wa sukari, muuza chai na muuza maandazi wakawa wanatafuta kilo moja kama watafutao dawa. Misukosuko hiyo hakuna mwenye genge aliyeileta, na hakuna ambaye angeweza kuijua siku yake.

Lakini Januari ina tarehe. Sare, viatu, begi, madaftari na michango ya chakula vina tarehe. Ada ya shule za serikali iliondolewa kuanzia 2016 kwa msingi na sekondari hadi kidato cha nne, na 2022 kwa kidato cha tano na sita, na ulikuwa msaada mkubwa. Hata hivyo, mzazi mwenye watoto watatu anajua kwamba kinachobaki bado kinaumiza. Juu yake mwenye fremu anataka kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mpigo. Halafu Krismasi imepita, safari ya kijijini imepita, na kabla watu hawajapumua Ramadhani inaingia na bei za soko zinabadilika. Yote haya yanajulikana leo. Mfanyabiashara anayeyasubiri mikono mitupu anajua fika kitakachoguswa: ataingiza mkono kwenye droo ya duka, na kilichomo mle ni mchele wa kesho.

Tukae kidogo jikoni kwa mama lishe, maana hapo ndipo tatizo linaonekana vizuri. Tuseme anapika kilo nane za mchele kwa siku, kila kilo 2,800, ni 22,400. Maharage kilo mbili, 6,000. Mafuta lita moja, 6,000. Nyanya, vitunguu na mboga 5,000, mkaa 4,000, maji 1,000, binti anayemsaidia 5,000. Jumla 49,400. Anauza sahani 40 kwa 1,500, anashika 60,000. Saa tisa mchana, sufuria zikioshwa, mkononi ana 60,000, na macho yake yanamwambia ametengeneza fedha. Ukweli ni kwamba faida ni 10,600. Sasa toa nauli za watoto, mboga ya usiku na vocha, tuseme 6,000 kwa siku. Kilichobaki ni 4,600. Mchele ukipanda shilingi 300 tu kwa kilo, siku hiyo anapoteza 2,400, zaidi ya nusu ya kile kilichobaki. Na bado hatujagusa sahani za mkopo, za kaka fundi anayesema, "Dada, niandikie, nitaleta jioni," na jioni hiyo haifiki.

Mama huyu hajafanya kosa lolote la uvivu. Ameamka saa kumi alfajiri. Kosa ni kwamba hajawahi kuiona hiyo 4,600 ikiwa imeandikwa, kwa hiyo anaishi kwa kutazama 60,000.

Ndiyo maana mkopo wa kausha damu unampata kirahisi. Anapewa laki tano siku hiyohiyo bila maswali, kwa sharti la kurejesha laki sita na nusu ndani ya wiki nne. Hiyo ni 162,500 kila wiki, yaani zaidi ya 23,000 kwa siku, kutoka kwenye biashara inayomwachia 4,600. Hakuna bidii inayoweza kuziba pengo hilo. Wiki ya kwanza anarejesha kwa fedha ileile aliyokopeshwa, wiki ya pili kwa fedha ya mchele, wiki ya tatu anakopa kwingine ili alipe huku, na wiki ya nne vijana wanaingia ndani kubeba televisheni, godoro na mtungi wa gesi, watoto wakitazama. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga, nasi tunaona matanga hayo kila kata.

Benki Kuu ya Tanzania iliweka ukomo wa riba kwa wakopeshaji wadogo wenye leseni wasiopokea amana: asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa laki tano ni 17,500. Mama huyu ametozwa 150,000. Sheria ya huduma ndogo za fedha ipo tangu 2018, na Novemba 2024 Benki Kuu ilizitaja hadharani programu na majukwaa 69 ya mikopo ya mtandaoni yasiyo na kibali. Lakini tangazo halitoshi wakati wakala anapita mtaani na pikipiki na daftari lake, mjumbe anamjua, mtendaji anamjua, polisi wa kata anamjua. Tunauliza wakuu wa wilaya: hesabu ya wakopeshaji wasio na leseni katika maeneo yenu iko wapi, na wangapi wamefikishwa mahakamani mwaka huu?

Na hapa hatutamwacha mfanyabiashara akae pembeni akisikiliza serikali ikisemwa. Daftari la shilingi elfu moja linamhusu yeye. Jioni, kabla ya kufunga, aandike alichouza, alichonunua, na alichochukua kupeleka nyumbani. Hicho cha tatu ndicho wengi hawakiandiki, kwa sababu kukiandika kunauma. Mtu akichukua sukari kilo moja dukani kwake anaona ni yake, kumbe ameiuzia nyumba kwa mkopo usiolipwa. Ajipangie posho ya siku, hata iwe ndogo, na ikiisha imeisha. Fedha ya biashara ikae kwenye laini yake, ya nyumbani kwenye laini nyingine. Wateja wanaolipa kwa simu tayari wanamwachia kumbukumbu ya mauzo, anachotakiwa ni kuisoma mwisho wa wiki.

Wapo wanaoogopa daftari kwa hofu ya kodi. Hofu hiyo imewagharimu. Kwa miaka kadhaa sheria ya kodi ya mapato imemtenganisha mwenye kumbukumbu na asiye nazo: kwa mauzo ya kati ya milioni 4 na milioni 7 kwa mwaka, asiye na kumbukumbu alikadiriwa 100,000, mwenye kumbukumbu akatozwa asilimia 3 ya kile tu kilichozidi milioni 4. Muuza mboga aliyeuza milioni 5 kwa mwaka akiwa na daftari alidaiwa 30,000. Jirani yake wa meza ya pili, mauzo yaleyale, hana daftari, alidaiwa 100,000. Sabini elfu ni fedha ya mkaa. Maofisa wa TRA walipaswa kulisema hili sokoni kwa kipaza sauti, mezani kwa watu, kila wiki, na bado hawajachelewa kuanza.

Halmashauri nazo zina deni kubwa zaidi kwa watu hawa. Asilimia 10 ya mapato yao ya ndani imetengwa kisheria kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa Aprili 2023 baada ya ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kuonyesha mabilioni yasiyorejeshwa na vikundi hewa, kisha ikarejeshwa 2024 kwa utaratibu mpya. Tunaunga mkono kurejeshwa kwake kwa moyo wote, maana mkopo usio na riba ndio unaoweza kumtoa mama lishe mikononi mwa kausha damu. Tunachokipinga ni fedha kutolewa kwa kufuata hotuba na picha za hundi kubwa za mfano, mwezi ambao mkuu fulani ana nafasi. Mkulima wa bustani hapewi mbegu wakati wa kuvuna. Muuza sare za shule anahitaji mtaji Oktoba, muuza tende na unga anauhitaji kabla ya Shaabani. Ofisa maendeleo ya jamii wa kata awe amepita kwenye meza ya mkopaji mara tatu, ameliona daftari la miezi mitatu, ameelewa rejesho gani biashara hiyo inaweza kulibeba, ndipo jina lipelekwe juu.

Jambo moja la mwisho linalosahaulika mpaka moshi uonekane. Soko la Kariakoo liliungua usiku wa Julai 10, 2021, na soko la Karume likafuata Januari 2022. Watu walisimama wakitazama mtaji wa miaka ukigeuka majivu, wengi bila bima hata ya shilingi moja. Kampuni za bima zinalalamika kwamba mmachinga hana orodha ya mali yake. Daftari lilelile ndiyo orodha hiyo, na vyama vya wafanyabiashara masokoni vinaweza kukata bima kwa pamoja mtu mmojammoja asipoweza.

Tunarudi kwa mama lishe na 4,600 yake. Akitenga 2,500 kila siku anapofunga, akaiweka kwenye kikoba au kwa dada anayemwamini, asiiguse hata mchezo wa upatu ukimlilia, siku sitini zijazo zitamkuta na 150,000. Kwa bei za sokoni hiyo ni sare za watoto wawili, viatu, na madaftari, na gunia la mchele litakuwa bado limesimama palepale kwenye kona ya jiko, halijafunguliwa.