Amplifaya ya valvu inapiga yowe? Usiitupe, ina tiba!

Haya, leo tuweke kando viwalo na mahaba, tuongee muziki. Sio ule wa jukwaani, ila ule unaopikwa ndani ya boksi la amplifaya.

Kuna mdogo wetu mmoja wa Magomeni katuletea barua yenye machozi. Anasema kajinyima miezi kadhaa, kajiundia amplifaya ya valvu, ile ya staili ya sukuma-vuta. Siku ya kuiwasha mbele ya washkaji ikapiga yowe kama king'ora, halafu valvu moja ikawa nyekundu kama kaa la moto. Washkaji wakavunjika mbavu kwa kicheko. Sasa anauliza, aitupe jalalani au aiuze kwa wa vyuma chakavu?

Hapana, mdogo wangu. Usitupe, usiuze. Ila usitie mkono humo ndani mpaka usome hadi mwisho.

Kwanza kwa wale wasiojua. Valvu ni zile taa za kioo zilizokuwa kwenye redio za mababu kabla ya transista. Mmarekani Lee de Forest ndiye aliyeunda ile ya kwanza ya kukuza sauti mwaka 1906. Usidhani zimekufa, maana mpaka leo zinatengenezwa Slovakia, Urusi na China, na wapiga gitaa wanazililia. Amplifaya maarufu ya Vox AC30 inatumia valvu nne za EL84 kusukuma spika.

Sukuma-vuta ni nini? Umewaona wapasua mbao na ule msumeno mrefu? Mmoja juu, mwingine chini. Huyu akivuta, yule anaachia, kisha wanabadilishana. Ndivyo valvu mbili za mwisho zinavyofanya. Nyuma yao kuna valvu inayogawa sauti mara mbili, nusu moja ikipanda nyingine inashuka. Transfoma ya mwisho inaziunganisha tena na kupeleka kwenye spika.

Mchoro mmoja uliowapa wengi darasa ni Mullard 5-10 wa Uingereza, wa miaka ya 1950. Jina lenyewe linajieleza: valvu 5, wati 10. Kuna EF86 mbele, ECC83 ya kugawa, EL84 mbili za kazi na moja ya kunyoosha umeme. Wati 10 zisikudanganye. Sebuleni kwako jirani atagonga ukuta.

Haya, tuje kwenye usalama. Ndani ya boksi hilo kuna volti 300 na ushee. Ukichomoa waya ukutani, kapasita kubwa bado zimeshika umeme, na umeme huo unaua bila kubisha hodi. Dawa yake, funga resista ya kilo-omu 220 ya wati 2 sambamba na kapasita hizo, ibaki hapo daima. Ukizima, subiri dakika mbili au tatu, kisha pima kwa mita. Kama mita haijashuka karibu na sifuri, usiguse. Na ukilazimika kupima ikiwa inawaka, mkono mmoja uwe mfukoni ili umeme usipate njia ya kupita moyoni. Usifanye kazi hii ukiwa peku, wala ukiwa peke yako, wala ukiwa umepata moja moto moja baridi.

Na jambo jingine: usiiwashe kamwe bila spika. Transfoma ya mwisho ikikosa mzigo inaweza kupiga cheche ndani kwa ndani na kuungua. Hicho ndicho kifaa cha bei mbaya kuliko vyote humo.

Sasa yowe. Kwenye mchoro kama huo, sehemu ndogo ya sauti inarudishwa kutoka upande wa spika kwenda valvu ya kwanza ili kupunguza makosa. Inatakiwa irudi kwa kupinga. Ukiwa umegeuza waya, inarudi kwa kuchochea, na amplifaya inajililia yenyewe. Zima, subiri, pima, kisha bandua ncha moja ya resista inayorudisha sauti. Washa tena. Yowe likikata, umempata mchawi! Zima, badilishana zile waya mbili zinazotoka transfoma kwenda anodi za EL84. Kama skrini nazo zina waya zake za transfoma, nazo zifuate huko huko. Rudisha resista, mchezo kwisha.

Tuje kwenye wekundu. Yowe lenyewe linaweza kuzichosha valvu mpaka zikaiva, kwa hiyo maliza yowe kwanza. Wekundu ukirudi, zima haraka, hii sio taa ya krismasi. Zikipoa, zibadilishane nafasi EL84 mbili hizo. Wekundu ukihama na valvu, valvu ndiyo mbovu. Ukibaki pale pale, kosa liko kwenye waya za soketi hiyo.

Hapo pima gridi ya EL84 kulinganisha na chesisi. Inatakiwa iwe karibu na sifuri. Ukikuta volti kadhaa chanya, kapasita inayoleta sauti kutoka ECC83 inavuja. Kapasita kuukuu zilizochomolewa kwenye redio mbovu ndizo zenye tabia hiyo. Weka mpya. Gridi ikiwa salama, kagua resista ya gridi, huenda imekatika.

Kisha piga hesabu ndogo. Resista ya kathodi ya omu 270 ikionyesha volti 10, gawanya, unapata miliampea 37. Zidisha kwa volti 300 zilizoko juu ya valvu, ni kama wati 11. Anodi ya EL84 mwisho wake ni wati 12. Ukipata 15, unaichoma.

Imebaki mvumo. Ukiwa mzito wa chini, wa hezi 50, angalia waya za hita za volti 6.3. Zisokotwe kama nywele za kusuka na zikae mbali na waya za sauti. Ukiwa wa juu kidogo wenye kukwaruza, wa hezi 100, kapasita kubwa za umeme zimechoka. Na ujue siri moja: sukuma-vuta hufuta yenyewe sehemu ya mvumo huo, mradi valvu mbili zinalingana nguvu. Mpasua mbao mmoja akilegea, msumeno unakwenda upande. Kwa hiyo nunua jozi, usiokoteze moja huku moja kule.

Ukiiwasha tena, ipitishie umeme kwenye globu ya zamani ya wati 60, ile ya waya ndani, iliyofungwa mfululizo. Ikimulika kisha ikafifia, shwari. Ikibaki inamulika kwa nguvu, kuna shoti. Zima urudi mezani.

Wanaocheka waache wacheke. Fundi hajulikani siku ya kuwasha, anajulikana siku kitu kilipogoma. Ila umeme hauna mshkaji, kwa hiyo heshima mbele.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaaliwa!