Uzazi wa kisu, sehemu ya 6: Mleteni na mama mkwe

Nimetoka zamu, nimekula, watoto wamelala, sasa tukae.

Tangu tuanze mfululizo huu nimeongea sana mambo ya chumba cha upasuaji: sindano ya mgongo, kwa nini unatetemeka, kwa nini unasikia kuvutwavutwa lakini husikii kukatwa. Mmeuliza maswali mazuri sana. Leo natoka hospitali nawafuata nyumbani. Kwa miaka niliyokaa wodi ya wazazi, nimeona operesheni yenyewe mara nyingi inaenda salama. Mambo yanakuja kuharibika nyumbani, kuanzia siku ya 4 au ya 5, wakati sisi manesi hatupo.

Na nina msimamo ambao baadhi ya wenzangu hawaupendi. Mimi naona maelekezo ya kuruhusiwa tunampa mtu asiye na madaraka.

Niwape kisa. Nimebadilisha mambo madogo madogo ili mwenyewe asijulikane. Alikuwa binti mdogo, uzazi wake wa kwanza. Uchungu ulisimama, njia haikuongezeka, mapigo ya moyo ya mtoto yakaanza kushuka, akapasuliwa. Kila kitu kilienda vizuri. Siku ya 3 akaruhusiwa na mimi ndiye niliyempa maelekezo: usibebe vitu vizito, usikandwe tumbo, kidonda kiwe safi na kikavu, ukiona homa au usaha rudi haraka. Akaitikia "ndiyo nesi", "sawa nesi". Nje kwenye benchi alikuwa amekaa mama mkwe wake na chupa ya uji na khanga mbili mpya, amekuja kumchukua mjukuu. Nilimpita. Nikamwamkia "shikamoo mama", akaitikia marahaba, nikaendelea na kazi zangu.

Siku ya 11 binti akarudi kwa bajaji, ameinama kama bibi kizee. Homa kali, mshono umeachia upande mmoja, unanuka. Kumbe tangu siku ya 5 alikuwa anakandwa asubuhi na jioni, taulo linachovywa kwenye maji yanayofuka mvuke, linakandamizwa tumboni. Nikamuuliza, mwanangu, si nilikwambia? Akanijibu taratibu, hata hakuniangalia: "Nesi, ningemwambiaje?"

Jibu hilo sijalisahau. Kweli, angemwambiaje? Yupo kwenye nyumba ya watu, hawezi kuinuka kitandani bila kushikwa, anayempikia, anayemuogesha na anayemfulia nepi ni mama mkwe. Wewe uliyelala ndiyo useme "mama, hapana, nesi amekataza"? Wengine mnaweza. Wengi hamuwezi, na siwalaumu.

Mama mkwe naye alipoitwa na daktari alilia kuliko binti. Akasema yeye amezaa watoto 6, wote alikandwa, na hakuna mtu aliyemwambia kwamba huyu ni tofauti. Alisema kweli. Kwenye uzazi wa kawaida yule mama ana ujuzi kuliko madaktari wengi wapya. Kisu hakuwahi kukiona kwa karibu. Na mimi nilimpita pale kwenye benchi.

Kwa hiyo toka siku ile, nikimruhusu mzazi aliyepasuliwa nauliza kwanza: nani atakuogesha? Huyo namuita ndani, namkalisha, naongea naye yeye. Kama ni mama mzazi, sawa. Kama ni wifi, sawa. Kama ni dada wa kazi, na yeye aje. Wapo wenzangu wanaosema hiyo ni kumvunjia mgonjwa heshima, kwamba mwenye mwili ni yeye. Nakubali mwenye mwili ni yeye, na namuuliza kwanza kama anaridhia. Lakini mwenye ndoo ya maji ya moto ni mwingine.

Sasa wewe ambaye nesi wako hatauliza, fanya hivi: mwambie mwenyewe aje siku ya kuruhusiwa. Au mpe simu asome hapa. Mama, shikamoo. Ninayoandika hapa chini ni ya kwako.

Mwanao amekatwa tabaka kwa tabaka: ngozi, mafuta, utando mgumu unaoshika misuli ya tumbo, ngozi laini ya ndani, halafu kizazi chenyewe. Na ndani nako kumeshonwa. Unachokiona juu ni mshono mmoja tu, na wenyewe unafunga ndani ya wiki moja au mbili hivi. Ndiyo maana watu wanadhani amepona. Wa ndani unahitaji wiki 6 na zaidi. Akinyanyua ndoo ya lita 20 siku ya 10, anavuta kile ambacho wewe hukioni. Kipimo changu ni rahisi: asibebe kitu kizito kuliko mtoto wake mpaka wiki 6 ziishe. Hata yule mtoto mkubwa anayelilia kupakatwa, mwekeeni akiwa amekaa, asimnyanyue kutoka chini.

Kuhusu kukandwa. Ngozi inayozunguka mshono inakuwa na ganzi kwa wiki nyingi, wengine miezi, kwa sababu mishipa midogo ya fahamu imekatwa. Maana yake anaweza kuungua na asisikie vizuri. Joto na maji vinalainisha mshono ambao bado haujashika, na kukandamiza kunauvuta. Ile "damu chafu" tunayoiogopa itatoka yenyewe, kizazi kinajikaza chenyewe na mtoto akinyonya kinakaza zaidi. Ndiyo, hata aliyepasuliwa anatoka damu chini, msishangae. Inaanza nyekundu, inapungua na kupauka, inaweza kwenda mpaka wiki ya 6.

Kama mkono wako unawasha na unataka kumkanda mwanao, mkande mabega na mgongo kwa juu. Kunyonyesha kunaumiza mabega kweli kweli, atakushukuru. Maji ya kuoga yawe ya uvuguvugu. Bandeji ikishatolewa, anaoga kawaida, maji na sabuni ya kawaida yapite juu ya kidonda bila kusugua, halafu akaushe kwa kugusagusa na kitambaa safi ambacho hakifanyi kazi nyingine. Kama tumbo limeangukia juu ya mshono, alinyanyue kidogo akilala ili pale pakauke, maana jasho linalojificha pale ndilo linaleta shida. Msipake majani, poda, spiriti, wala kitu chochote ambacho hakikuandikwa na daktari. Kujifunga khanga ili kujishikilia akitembea haina shida, mradi isimbane pumzi wala kusugua mshono.

Chakula, mama, hapo sikuingilii! Uji wa pilipili manga, mtori, supu ya kuku, ndizi, endelea hivyo hivyo. Ongeza tu matembele, papai na maji mengi, kwa sababu choo kigumu kwa mtu mwenye mishono ni mateso yasiyosemeka.

Halafu kuna jambo jingine ambalo halipakwi wala halikandwi. Maneno. "Watoto wa siku hizi waoga." "Huyu hakuzaa, alitolewa mtoto." Nimeyasikia yanasemwa kitandani kwa mgonjwa, na kifuko cha mkojo bado kinaning'inia pembeni. Yule binti wangu kidonda chake kilianza kutoa harufu siku 3 kabla hajasema. Alikaa kimya kwa sababu alishaambiwa anadeka. Siku 3 za usaha zinaweza kuondoa mtu. Duniani leo zaidi ya mtoto 1 kati ya 5 anazaliwa kwa upasuaji. Wengine, ni kweli, hawakuhitaji, na hilo nalisema hata kazini. Lakini kondo la nyuma likiziba njia, mtoto akilala mkingamo, au akianza kuchoka huku njia haifunguki, hapo hakuna cha woga wala ushujaa. Yule anayesema "sisi tulisukuma" akumbuke na wale wa mtaani kwake waliosukuma wasirudi nyumbani.

Nyie ambao bado mna mimba, msiseme haya hayanihusu, mimi nitazaa kawaida. Natamani iwe hivyo kwa kila mmoja wenu. Ila kisu cha dharura hakipigi hodi, kwa hiyo jiandae nacho kama unavyobeba mwavuli. Jua kundi lako la damu, na uwe na watu wawili ambao wamekubali kuja kukuchangia hata saa nane za usiku. Weka akiba, hata kidogo kidogo, na muulize nesi wa kliniki mapema gharama zikoje hapo utakapojifungulia. Jueni pia nani atakaa na watoto wakubwa. Na saini ya kukubali operesheni ni yako, wewe mtu mzima mwenye akili zako. Zungumza na mume mapema, akubaliane na wewe mkiwa mmekaa sebuleni, ili usije ukasubiri simu yake iwake huku mtoto anachoka tumboni.

Kwenye begi tupia dera mbili, chupi kubwa zinazopita juu ya kitovu (zile ndogo mkanda wake unakaa palepale kwenye mshono), pedi za kutosha, khanga safi. Usijinyoe na wembe nyumbani ili "uende msafi". Wembe unaacha vijeraha visivyoonekana na wadudu wanapita humo. Oga kwa sabuni, inatosha, kama kuna haja ya kupunguza nywele tutafanya sisi. Rangi ya kucha toa, kile kifaa tunachokubana kidoleni kinasoma hewa ya damu kupitia hapo. Na ukiambiwa usile, usile. Kuna mmoja alificha chapati chini ya mto, nilicheka mimi lakini daktari wa usingizi hakucheka hata kidogo. Chakula kikipanda kutoka tumboni kikaingia kwenye mapafu, ni hatari kubwa.

Ukishatoka huko, ukiletewa mtoto mnyonyeshe mapema, ikiwezekana ndani ya saa ya kwanza. Mlaze pembeni yako, miguu yake ipite chini ya kwapa lako, asikukanyage mshono. Dawa za maumivu meza kwa saa ulizopangiwa, usisubiri uumwe mpaka ulie. Zile tunazokuandikia tunajua unanyonyesha. Na tukikwambia inuka utembee kesho yake, hatukutesi, tunakimbia damu isigande miguuni. Geuka ubavu kwanza, shusha miguu, jisukume kwa kiwiko. Ukitaka kukohoa au kucheka, kumbatia mto tumboni.

Baba, kama umefika hapa, hongera. Kazi yako ni maji. Ndoo zote ni zako kwa wiki 6. Na usiku mtoto akilia, wewe ndiye wa kumnyanyua na kumpeleka kwa mama yake anyonye, halafu umrudishe. Mambo ya chumbani subiri mpaka damu iishe, kidonda kipone, akaguliwe kwenye wiki ya 6, na yeye mwenyewe aseme yupo tayari. Kabla ya hapo mwende wote kliniki mkaulizie uzazi wa mpango, kwa sababu mimba inaweza kuingia hata kabla hajaona siku zake.

Wote mliomo humo ndani, yashikeni haya, na hata ikiwa ni usiku wa manane mrudisheni hospitali. Homa au kutetemeka kwa baridi. Kidonda kinachotoa usaha, harufu, kuwa chekundu na cha moto, au kuachia. Damu inayolowanisha pedi nzima ndani ya saa moja, au uchafu wa ukeni unaonuka. Mguu mmoja umevimba na unauma kwenye shavu la mguu (huo msiuchue kabisa!). Kukosa pumzi, kifua kubana. Kichwa kinachouma sana, macho kuona ukungu, au degedege, maana kifafa cha mimba kinaweza kuja hata baada ya kujifungua. Na kama mzazi analia siku nzima, halali hata mtoto akilala, au anasema bora afe, hilo nalo ni la kurudi hospitali. Msimpeleke kwanza kwa mtu wa kumsema.

Siku ya 7, ya 28 na ya 42 ni za kliniki, mama na mtoto pamoja. Kadi mnayo. Nendeni hata kama mnajiona wazima.

Yule binti alikaa wodini karibu wiki 3. Tulisafisha kidonda kila siku, kikashonwa upya. Mama mkwe alikuwa analala chini kwenye mkeka pembeni ya kitanda na kila nikiingia na trei ya dawa anasimama, anataka aone nafanyaje. Siku ya kuondoka yeye ndiye aliyenisomea maelekezo, mimi nikawa naitikia. Juzi juzi alipita wodini na jirani yake, mjukuu wa jirani kazaliwa kwa kisu. Amemleta aje asikie mwenyewe.

Sehemu ya 7 nitajibu swali mlilouliza kuliko yote: nikishapasuliwa mara moja, naweza kuzaa kawaida mara ya pili? Kwa wengi inawezekana, ila kwa masharti, na lazima iwe hospitali yenye uwezo wa kupasua. Kwa sasa andikeni hapo chini, nani atawaogesha?