Tangi la Kijana wa Tseikuru

Barua ya juma hili imetoka mbali na bahari. Ameiandika binti yetu aliyeolewa Tseikuru, kaskazini mwa Kaunti ya Kitui, katika nyika inayoteremkia Mto Tana. Ananiita Ami, nami namjibu kama mwanangu, kwa idhini yake, hapa mbele ya wasomaji, maana nazijua nyumba kadhaa za huku kwetu zenye tangi la kioo sebuleni na ugomvi kama wake.

Kisa chenyewe ni hiki. Mwanawe wa miaka 13 aliletewa na mjomba wake kutoka Mombasa samaki wawili waitwao oscar, wadogo kama kidole gumba. Baadaye yeye mwenyewe akaokota kitoto cha kambare katika kidimbwi kilichosalia mtoni, mto ulipokwisha kurudi kuwa mchanga mtupu. Akawatia wote pamoja. Kwa miezi kadhaa walikula, wakanenepa, majirani wakaja kuwatazama. Mwezi uliopita oscar mmoja hakuonekana asubuhi. Hapakuwa na mfupa wala gamba. Alikuwapo kambare tu, amelala pembeni na tumbo la mtu aliyetoka karamuni. Kijana alilia. Hazikupita siku mbili akaanza kuomba aongezewe kamongo, ambaye mfanyabiashara mmoja ameahidi kumletea kutoka Tana ya chini. Mama anauliza mambo mawili: je, samaki wakubwa walao nyama huweza kukaa katika tangi moja? Na kama hawawezi, je, waachiliwe mtoni mvua zikinyesha?

Mwanangu, usimgombeze mtoto kabla hujanisikia mimi mtu mzima. Nami niliwahi kuwa na tangi kama hilo, miaka mingi iliyopita, na nilinunua samaki wanne wa aina nne kwa sababu rangi zao zilinipendeza na wote walikuwa sawa na kidole. Baada ya mwaka mmoja nilibakiwa na wawili, na mmoja wao hakuwa na mkia. Niliwalaumu samaki kwa ukatili wao. Kosa lilikuwa langu, kwa kuwa niliwapima kwa umbo walilokuwa nalo siku ya kununua.

Oscar ni samaki wa mto Amazon, Amerika ya Kusini. Akitunzwa vizuri hufikia sentimita 30 hivi, na huishi miaka kumi au zaidi. Kambare wetu humpita mbali: hukua hata akazidi mita moja. Mla nyama wa majini hatafuni kwa adabu, humeza. Chochote kinachoingia mdomoni mwake ni chakula, awe ndugu yake au mgeni. Wafugaji wa kambare wanalijua hili tangu kwenye vifaranga, na ndiyo maana huwatenga mara kwa mara kwa ukubwa, la sivyo walio wakubwa huwala wadogo wao wa tumbo moja. Nao wanaofuga ngege na kambare katika bwawa moja huifanya tabia hiyo kuwa faida. Ngege huzaana kupita kiasi, basi kambare hutiwa ili apunguze vitoto. Lakini huhakikisha kwamba ngege wakubwa wamekwisha kumzidi kimo siku anapoingia.

Kuna jambo la pili, ambalo naona ndilo lililomponza marehemu. Oscar ni samaki wa mchana. Usiku hushuka chini, wakati mwingine akajilaza ubavu kwenye mchanga kama mgonjwa, akalala. Kambare ndiyo kwanza anaamka saa hizo. Hahitaji macho, ana masharubu manane yanayonusa na kuonja gizani. Kwa hiyo kila usiku, kwa miezi, yule mmoja alikuwa akimpapasa mwenzake aliyelala, akimpima, hadi usiku mmoja kipimo kikaenea. Mchana mlikuwa mkiona amani.

Na kamongo je? Huyo msimlete kabisa. Ni samaki mwenye mapafu, apandaye juu kuvuta hewa, na kiangazi kikikausha kinamasi hujizika matopeni akangojea mvua. Ni kiumbe wa ajabu, nami nakiri kwamba nikimwona huweza kusimama saa nzima. Lakini haoni vizuri, huenda kwa harufu, na kinachopita karibu na mdomo wake hukikata kwa meno yaliyo kama koleo. Hukata mapezi ya wenzake, na asipoangaliwa hukata kidole cha mlishaji. Kamongo hufugwa peke yake.

Sikusema kwamba walao nyama hawakai pamoja kamwe. Hukaa, iwapo wamelingana kwa kimo watakachofikia ukubwani, wakaingizwa wadogo na kwa siku moja ili pasiwepo mwenyeji na mgeni, wakashibishwa, na wakapewa nafasi ya kukimbiana. Oscar kadhaa huweza kuishi hivyo mpaka wawili wapatane kuzaa. Hapo wenye nyumba huwafukuza wengine wote pembeni. Neno gumu katika sharti hilo ni nafasi, na nafasi katika Tseikuru, mwanangu, maana yake ni maji.

Nimelipigia hesabu tangi mlilonalo. Umeniandikia kwamba lina urefu wa sentimita 120, upana 45 na kina 45. Hizo ni lita 243, yaani mitungi kumi na miwili ya lita 20. Samaki hutoa amonia, ambayo huwaunguza matamvua. Bakteria waliomo kwenye chujio huigeuza kuwa sumu nyingine na hatimaye kuwa naitreti, isiyodhuru sana ila ikilimbikana. Bakteria hao huchukua wiki nne hadi sita kujijenga, nao huangamia mtu akiliosha chujio kwa dawa ya sabuni, jambo ambalo nashuku limekwisha kufanyika kwenu. Ile naitreti haitoki ila kwa kubadilisha maji, robo ya tangi kila wiki: mitungi mitatu. Hilo mnalimudu. Lakini kambare mkubwa na wenzake hawatoshi humo. Tangi la urefu wa sentimita 240, upana 75 na kina 75 huchukua lita 1,350, zenye uzito wa zaidi ya tani moja na theluthi kabla ya kuhesabu kioo na mawe. Robo yake ni mitungi kumi na saba kila wiki. Punda hubeba minne. Wewe ndiwe unayejua foleni ya kisimani mwezi wa Septemba ilivyo, na kama maji ya kisima chenu yana chumvi, kama yalivyo ya visima vingi vya Kitui. Ongeza na joto: maji yakipata moto hupungukiwa na hewa, na umeme ukikatika pampu husimama. Kambare ataokoka, kwa kuwa naye huvuta hewa juu ya maji. Oscar hana njia hiyo.

Sasa swali la mto, ambalo ndilo lililonifanya niijibu barua hii mbele ya nyingine. Usiruhusu oscar yule aliyebaki aachiliwe. Mto wenu ni mchanga kwa miezi mingi, lakini ukishuka huingia Tana, na Tana hupita Garissa, Hola na Garsen hadi kumwaga Kipini, kwetu. Mna wenyewe humo. Yuko mkunga azaliwaye baharini, akapanda mto angali mdogo kama uzi, akaishi miaka bara, kisha akarejea baharini kuzaa na kufa. Wako ngege na kambare wenyeji. Wasomaji wa bara wanakumbuka habari ya sangara, aliyetiwa Ziwa Viktoria miaka ya 1950. Alikaa kimya muda, na ilipofika miaka ya 1980 alikuwa amelitawala ziwa. Aina za furu zinazokadiriwa kufikia 200 zikatoweka au zikakaribia kutoweka. Sitakana kwamba sangara aliwapa watu riziki kubwa, Kisumu na Mwanza ni mashahidi. Lakini hakuna aliyeweza kumtoa tena. Huenda oscar mmoja asizae kitu mtoni. Ila mtoto aliyemwachilia mmoja na kusifiwa kwa huruma yake atawaachilia kumi.

Kambare je, aliyetoka humo humo? Hapa najua utaona nimekuwa mgumu. Amekaa miezi na samaki wa dukani, na vimelea vyao havionekani kwa macho. Naye akirudishwa atavipeleka kwa ndugu zake. Ushauri wangu ni kwamba aliwe. Ni halali, ni mnono, na kwa ugali na mchuzi wa nazi hana mfanowe. Kijana asilazimishwe kula ikiwa moyo haumpi, wala asichekwe. Oscar abaki peke yake katika tangi lile lile, apewe nyungunyungu, uduvi na vipande vya samaki, na nyama ya ng'ombe aepushwe nayo, kwa kuwa mafuta yake hayamchanganyiki tumboni.

Maji yanayotolewa tangini yasimwagwe njiani. Yamejaa mbolea, yapelekeni kwenye mpapai. Nami ningependa barua ijayo aiandike kijana mwenyewe, anieleze kambare alikuwa na sentimita ngapi siku alipotolewa, na ndani ya tumbo lake walikuta nini.