Koili moja au mbili? Sheria inahesabu miligramu, muuzaji anahesabu wati

Wadau, ukiingia kwenye duka la vepu, yaani sigara za kielektroniki, muuzaji ana wimbo mmoja tu: chukua yenye koili mbili, ndiyo ya kisasa, ndiyo inatoa moshi wa maana. Ukiuliza ya koili moja anakuangalia kama umeulizia kaseti. Wengi wanadhani hapa ni suala la ladha na mbwembwe. Mimi naona ni siasa, tena siasa ya pesa, na anayelipa bili ni kijana.

Tuanze na ufundi kidogo, msikimbie. Katriji ni kichupa chenye kimiminika (wenyewe wanaita juisi), utambi wa pamba, na koili ambayo ni waya unaopata moto umeme ukipita. Juisi iliyolowa kwenye utambi inachemka, unavuta mvuke. Basi, ni jiko dogo la umeme.

Sasa ongeza koili ya pili sambamba na ya kwanza. Tuseme kila moja ina ukinzani wa omu 1.6. Zikiwa mbili ukinzani unashuka mpaka 0.8, na betri ile ile ya volti 3.7 inalazimika kutoa umeme mara mbili. Kutoka wati 8.5 unafika 17. Betri ya mAh 650 ambayo ingewasha koili moja kwa dakika kama 17 mfululizo, hizo mbili inaziwasha dakika 8 na ushee, imekufa. Juisi nayo inaondoka karibu mara mbili. Hujapata jiko bora, umewasha majiko mawili! Na utambi ukishindwa kuleta juisi kwa kasi hiyo, pamba inaungua na mvuke unatoka na vitu kama fomaldihaidi, ndugu yake ile fomalini ya kuhifadhia maiti.

Watengenezaji wenyewe wanalijua hili, wameliandika kwenye boksi. Chukueni Geek Bar Pulse, iliyoingia sokoni Marekani mwaka 2023 bila kibali cha FDA, mamlaka yao ya chakula na dawa. Tangazo lilisema pafu 15,000 kwa matumizi ya kawaida, na pafu 7,500 ukibonyeza ile hali ya nguvu inayowasha koili zote. Nusu kamili. Hapo hata mwalimu wa hesabu hahitajiki.

Ila kuna usanii mwingine humo humo. Kifaa hicho kina mililita 16 za juisi. Zile vepu ndogo za kutumia na kutupa zilizotamba Uingereza, kina Elf Bar 600, zilikuwa na mililita 2 kwa pafu 600. Kwa kipimo hicho cha Uingereza, mililita 16 zinatoa pafu 4,800 tu. Hizo nyingine 10,200 zinatoka wapi? Zinatoka kwenye kuhesabu pafu la mtoto mchanga. Kwa hiyo mtu akikuuzia kwa idadi ya pafu, jua anakuuzia mbuzi kwenye gunia. Uliza mililita.

Haya, sheria sasa. Umoja wa Ulaya ulitunga agizo lake la tumbaku mwaka 2014, likaanza kutumika Mei 2016: nikotini isizidi miligramu 20 kwa kila mililita, katriji isizidi mililita 2. Uingereza ilijitoa kwenye Umoja lakini viwango hivyo ikabaki navyo. Vinasikika vikali. Lakini wati? Idadi ya koili? Hakuna kikomo. Agizo linataka kifaa kitoe nikotini kwa kipimo kisichoyumba, halisemi kipimo hicho kiwe kiasi gani.

Angalieni inavyochezwa. Jamaa anavuta juisi ya miligramu 20 kwa koili moja, kila pafu linachemsha mililita 0.003. Amevuta miligramu 0.06 za nikotini. Mwenzake anajisifu ameshuka mpaka miligramu 10, lakini ana koili mbili zinazochemsha mililita 0.006. Hesabu: 0.06 ile ile. Nikotini haijapungua hata punje, ila mapafu yamepokea mvuke mara mbili na mfuko umenunua juisi mara mbili. Na huyu ndiye anayewaambia wenzake kwamba yuko mbioni kuacha.

Wapo wataalamu walioliona siku nyingi. Alan Shihadeh wa Chuo Kikuu cha Marekani cha Beirut na Thomas Eissenberg wa Virginia Commonwealth University wamekuwa wakishauri serikali zipime nikotini inayotoka mdomoni mwa kifaa kwa kila sekunde, badala ya kuangalia juisi peke yake. Kwa maoni yangu wana haki. Ukibana juisi ukaacha umeme, umefunga mlango umeacha dirisha. Marekani walionja hilo Januari 2020: FDA ilitangaza kuzibana katriji zenye ladha za matunda na peremende, lakini tangazo halikugusa vepu za kutupa. Soko likahamia huko huko, Puff Bar zikazagaa.

Sasa wewe unayevuta sigara ya kawaida na unataka kuhama, ushauri wangu ni koili moja. Betri inakaa, juisi inakaa, na ukishusha nikotini unakuwa umeishusha kweli. Koili mbili ni za mtu anayetaka kutoa mawingu mbele ya masela. Wewe ambaye huvuti chochote, mjadala huu haukuhusu kama mteja, usianze.

Kitu kinachoweza kumrudisha muuzaji kwenye koili moja nadhani ni kodi. Uingereza ilipiga marufuku vepu za kutupa tarehe 1 Juni 2025, na kwenye bajeti ya mwaka 2024 ilitangaza kodi ya pauni 2.20 kwa kila mililita 10 za juisi, kuanzia Oktoba 2026. Huku kwetu Uganda walikata mzizi kabisa, sheria yao ya tumbaku ya mwaka 2015 inakataza kuingiza na kuuza vifaa hivi. Kenya walichagua njia ya mfukoni: Desemba 2024 ushuru wa juisi ya nikotini ulipandishwa kutoka shilingi 70 hadi 100 kwa mililita. Piga hesabu kwa kifaa cha mililita 16, ni shilingi 1,600 za ushuru peke yake, kabla ya faida ya mwenye duka. Sheria haijataja neno koili popote, lakini anayewasha mbili anamaliza hizo mililita 16 mapema na kurudi kulipa tena. Kama mzigo umepita forodhani, lakini. Walioko Nairobi na Mombasa mtuambie, bei za madukani zinafanana na ushuru huo?