"Kula" ya Kichina na Parachichi la Rungwe

Novemba 2022, Tanzania na China zilitia saini makubaliano yaliyolifungulia parachichi la Tanzania soko la China. Kwa wilaya kama Rungwe, ambako tunda hilo hustawi pamoja na chai na ndizi, msamiati wa Kichina haukubaki tena suala la darasani.

Jina la tunda ni jepesi: niúyóuguǒ, yaani "tunda la siagi". Ugumu umo katika kitenzi chī, "kula". Kama Kiswahili, Kichina nacho hula visivyolika. Chī kuī ni "kula hasara", sawasawa na Kiswahili, na ulinganifu huo ndio mtego. Chī kǔ, "kula uchungu", si kuhuzunika bali kustahimili taabu. Chī cù, "kula siki", ni kuona wivu wa mapenzi. Chīxiāng, "kula harufu nzuri", ni kupendwa na kuwa na soko.

Wanunuzi wakiambizana kwamba parachichi ni chīxiāng, na mkalimani akaeleza kuwa wanasifu harufu yake, mkulima wa Tukuyu hatajua kwamba mali yake inagombewa. Huenda akaafiki bei ya chini.

Kwa hiyo chī ifundishwe pamoja na kijalizo chake, kama kamusi za Kiswahili zinavyoorodhesha kula kiapo na kula njama. Tafsiri sisisi inaweza kumlisha mkulima hasara kwa lugha zote mbili.