Waziri Mkuu, Rais na Kura za Silanga

Tangu 1992 hadi 2013, kura ya ubunge ya Silanga ilikuwa na mwenyewe. Kijiji hiki cha Kibera, kinachopakana na Bwawa la Nairobi, kilikuwa ndani ya eneobunge la Lang'ata, na mbunge alikuwa Raila Amolo Odinga. Alipohama chama cha Ford-Kenya na kulazimika kurudi debeni 1997, Lang'ata ilimrudisha bungeni. Katika miaka mitano ya mwisho alikuwa pia Waziri Mkuu. Kwa hiyo Wakenya wanapobishana kama cheo hicho kifufuliwe, Silanga ina haki ya kusikizwa mapema: aliyekishika alikuwa mtu wao.

Mjadala wenyewe haujafa. Mpango wa kubadilisha katiba wa BBI, uliozaliwa na handisheki ya Machi 2018 kati ya Raila na Rais Uhuru Kenyatta, ulitaka waziri mkuu. Mahakama ya Juu ikauzima Machi 2022. Kamati ya maridhiano, NADCO, ikalirejesha wazo hilo mwishoni mwa 2023. Raila alifariki India tarehe 15 Oktoba 2025 akiwa na umri wa miaka 80, kabla swali halijajibiwa.

Maisha yake yana jibu, tena linaanza kabla ya uwaziri mkuu. Mwana huyu wa mwanasiasa Jaramogi Odinga, aliyesomea uhandisi Ujerumani Mashariki, alitiwa ndani baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982, akaachiliwa Februari 1988, kisha akarudishwa kizuizini mara mbili. Mwaka 2001 aliingia katika baraza la Rais Moi, yule yule aliyemfunga, akawa waziri wa kawi. Wengi walimlaumu. Wengine waliona kwamba hatimaye Kibera imepata sikio la Ikulu.

Sikio hilo lilizaa nini? Mwishoni mwa mwaka huo huo Moi alizuru Kibera, akasema kodi ya nyumba ni ghali mno na ipunguzwe. Raila akaunga mkono. Wapangaji, ambao ndio wengi katika vijiji kama Silanga, walilichukua neno hilo kuwa amri ya serikali. Wenye nyumba, wakiwemo Wanubi walioishi hapa kwa vizazi, wakakataa. Kauli ya rais haikuwa sheria. Watu waliuana, familia zikahama, na kodi ikabaki kuwa maelewano ya mpangaji na mwenye nyumba. Kisa hiki hakitajwi sana katika sifa za Raila, na kinastahili kutajwa, kwa kuwa kinaonyesha hatari ya ahadi inayosimama juu ya kauli ya rais peke yake.

Uwaziri mkuu wa 2008 ulikuwa na msingi imara zaidi. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 na ghasia zilizoua zaidi ya watu 1,100, mpatanishi Kofi Annan aliwakutanisha Rais Mwai Kibaki na Raila, na mkataba ukatiwa sahihi Februari 28. Sheria iliyofuata ilimpa Waziri Mkuu kazi ya kuratibu na kusimamia shughuli za serikali, na Bunge pekee ndilo lingeweza kumwondoa kwa kura. Hilo si jambo dogo. Novemba 2005 Kibaki alivunja baraza zima baada ya kushindwa katika kura ya maoni, na Raila akapoteza uwaziri wake. Sasa rais yule yule hangeweza kumtimua.

Lakini kumwondoa ni kimoja, kumsikiliza ni kingine. Februari 2010 Raila alitangaza kuwasimamisha kazi kwa miezi mitatu mawaziri William Ruto wa Kilimo na Sam Ongeri wa Elimu, kutokana na kashfa za mahindi na fedha za shule. Kibaki alibatilisha uamuzi huo siku iyo hiyo. Nchi nzima ilijua basi mipaka ya serikali hii ya mseto, ya nusu mkate, iko wapi.

Kibera yenyewe haikuachwa mikono mitupu. Septemba 2009 familia za Soweto Mashariki zilianza kuhamishiwa magorofa ya muda Lang'ata ili nyumba mpya zijengwe. Zilikabidhiwa 2016, muhula wa Raila ukiwa umekwisha. Hatimiliki ya ekari 288 ambayo Wanubi waliidai kwa miongo ilitolewa na Uhuru mwaka 2017, wakati ambapo nchi haikuwa na waziri mkuu. Silanga ilibaki na mabati yake, na bwawa lililochimbwa miaka ya 1950 kuwa akiba ya maji ya kunywa likazidi kumezwa na magugu na majitaka.

Tunda kubwa la miaka ile ni Katiba ya 2010. Ilipatikana kwa sababu upande mmoja haukuweza kuamua peke yake. Hapo ndipo hoja ya kufufua cheo inapopata uzito, na hapo hapo ndipo inaweza kupotoshwa. Waziri mkuu anayeteuliwa na rais na kufutwa na rais ni mshauri wake, hata akipewa bendera na walinzi. Raila alikuwa na nafasi ya aina hiyo bila cheo chochote serikalini baada ya 2018, na tena baada ya kutia sahihi makubaliano na Rais Ruto Machi 2025: wandani wake walikuwa serikalini, ila mwananchi hakupata kifungu cha kushikia.

Muswada wowote utakaoletwa usomwe kuanzia sehemu ya kumwondoa mwenye cheo, kisha ile ya nani anawaadhibu mawaziri wanapoiba. Baada ya hapo usomwe kama unamlazimisha kufika Bungeni kila wiki, ambako mbunge wa Kibera anaweza kumuuliza mpango wowote wa ardhi ya Silanga umefika wapi na fedha zake ziko mikononi mwa nani.