Maskini Apewe Kura, Asiishie Kuulizwa

Imani iliyoota mizizi katika halmashauri, kaunti na mashirika mengi ya misaada ya Afrika Mashariki ni kwamba mtu maskini anazijua shida zake lakini hafai kukabidhiwa uamuzi juu ya fedha zinazokusudiwa kuziondoa, kwa madai kwamba dhiki imemzoeza kuwaza ya leo tu na kwamba kupanga miradi ni kazi ya wataalamu. Wenye imani hiyo hupenda kukumbusha kwamba adhabu ya kaburi aijuaye maiti, kisha humwita maskini ukumbini asimulie adhabu yake, humshukuru, na hukaa faraghani kugawa fedha bila yeye. Imani hiyo ni potofu, na hasara yake huwaangukia walewale wasioaminiwa.

Nchini Kenya, Ibara ya 201 ya Katiba ya mwaka 2010 inataka mambo ya fedha za umma yaendeshwe kwa uwazi, uwajibikaji na ushirikishwaji wa wananchi. Hata hivyo, kikao cha kutoa maoni kinapoitishwa asubuhi ya siku ya kazi, kwa nyaraka nene za Kiingereza, mtu wa kibarua hulazimika kuchagua kati ya kuhudhuria na kupata mlo wa jioni, na akichagua mlo, kutokuwepo kwake huhesabiwa kuwa ushahidi kwamba hajali. Hata anayefika hutia sahihi orodha ya mahudhurio bila kuwa na kura yoyote juu ya kinachoamuliwa.

Hoja kwamba maskini hawezi kupanga fedha hupingwa na maisha yake yenyewe, kwa kuwa mwenye kipato kisichotabirika hana budi kukadiria kodi, karo, dawa na zamu yake ya upatu kwa usahihi ambao mwenye mshahara hahitaji. Ujuzi huo ulionekana Mukuru, eneo la makazi duni jijini Nairobi lenye takribani kaya 100,000, ambalo serikali ya kaunti ililitangaza mwaka 2017 kuwa eneo maalumu la mipango, yaani eneo linaloweza kupangwa kwa viwango vinavyolingana na hali yake. Vikundi vya akiba vya Muungano wa Wanavijiji, shirikisho la wakazi wa makazi duni, vikishirikiana na vyuo vikuu, vilikusanya takwimu zilizoonyesha kwamba mkazi wa Mukuru hulipia maji bei ya juu kuliko mkazi wa mitaa rasmi. Wakazi walijadili hata upana wa barabara, kwa sababu kufuata viwango vya kawaida vya mipango miji kungebomoa nyumba nyingi mno, na mizani hiyo kati ya njia na paa ni uamuzi ambao mtaalamu asiyeishi pale hawezi kuupima peke yake. Lakini mwaka 2021 maelfu ya watu wa Mukuru kwa Njenga, sehemu ya eneo hilo, walibomolewa makazi ili kupisha barabara, nao hawakuwa na nguvu ya kuzuia uamuzi huo, ingawa sauti yao ilikuwa imesikika kwa miaka.

Tofauti hiyo kati ya kusikika na kuamua ndiyo iliyoupa mji wa Porto Alegre, nchini Brazili, umaarufu wake. Kuanzia mwaka 1989 mji huo uliendesha bajeti shirikishi, utaratibu ambao wakazi hukutana mtaa kwa mtaa, huchagua wajumbe wao na kuamua fedha za miradi zielekezwe wapi, huku mitaa yenye upungufu mkubwa wa huduma ikipewa uzito zaidi, na watu wa kipato cha chini walijitokeza kwa wingi kupita sehemu yao katika idadi ya wakazi. Utafiti wa Sónia Gonçalves uliochapishwa mwaka 2014 uligundua kwamba miji ya Brazili iliyofuata utaratibu huo ilitumia sehemu kubwa zaidi ya bajeti kwa afya na usafi wa mazingira, na vifo vya watoto wachanga vikapungua.

Wapinzani husema kwamba wenye nguvu wa mtaa watauteka utaratibu wowote wa namna hii. Hatari hiyo ipo, lakini katika jaribio lililofanywa kwenye vijiji 640 vya Indonesia, ambako katika baadhi wanakijiji walipewa kazi ya kutambua kaya maskini na katika vingine ilitumika fomula ya kitaalamu, watafiti hawakuona dalili ya wakubwa kuwapendelea jamaa zao. Ni kweli kwamba fomula hiyo iliwatambua kwa usahihi zaidi kidogo wenye matumizi ya chini, ila wanakijiji waliridhika zaidi na orodha zao wenyewe, kwa kuwa walipima umaskini kwa mambo ambayo fomula haiyaoni.

Kinachotakiwa, basi, ni viti vyenye kura katika kamati za fedha, vijazwe na watu waliochaguliwa na vikundi vyao wenyewe badala ya kuteuliwa na chifu au mtendaji, nyaraka ziwe za Kiswahili, vikao vifanyike jioni au Jumapili, na ujira wa siku ulipwe. Malipo hayo yasiitwe hongo, kwa sababu afisa anayeketi meza hiyohiyo naye hulipwa mshahara.